Kilo 13 zilizorudi na kliniki niliyoikimbia

Mwaka wa tano baada ya opareshini ya kupunguza uzito niliacha kwenda kliniki. Sikuacha kwa kuwa nimepona wala sikuwa nimehama, niliacha kwa sababu kilo 13 zilikuwa zimerudi na sikutaka mtu yeyote mwenye koti jeupe azione. Siku ya miadi niliamka, nikaoga, nikavaa, nikapanda mzani wa nyumbani ukasoma 97, nikavua nguo nikarudi kitandani. Nikajiambia nitaenda mwezi ujao nikishapungua kidogo. Huo mwezi ujao ulichukua miaka mitatu.

Sasa hivi nina miaka 11 toka nifanyiwe, na nimeamua kuandika kuhusu hii miaka ya mbele kwa sababu ile ya mwanzo kila mtu anaisimulia. Picha za kabla na baada zimejaa kila kona, mtu kashika suruali yake ya zamani kaingia mguu mmoja na nafasi imebaki, na mi picha hiyo nilipiga na niliipenda sana. Ila mwaka wa saba hakuna anayepiga picha. Mwaka wa tisa hakuna anayekuuliza chochote, na ndo miaka ambayo unaishi na hiyo opareshini kweli kweli.

Kwa kifupi yangu ilikuwa hivi. Nilikuwa na kilo 138, kisukari cha aina ya pili cha kuchoma insulini, presha, na usingizini nilikuwa nakata pumzi mpaka mume wangu anakesha kunisikiliza kama nitavuta tena. Nikafanyiwa baipasi, ile ya kukata mfuko wa chakula ubaki kijisehemu cha ukubwa kama wa yai hivi, afu utumbo unavutwa juu na kuunganishwa hapo, chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo mwembamba. Sukari ilitulia kabla hata sijatoka wodini, nesi alipima akarudia kupima maana na yeye alitaka uhakika. Miaka miwili baadaye nilikuwa na kilo 84. Ile njaa iliyokuwa inaniamsha usiku ilipotea, na hapo ndo nilielewa kumbe wenzangu wote wanaishi hivi, wanakula wanashiba wanasahau, wala hawapigani vita yoyote kichwani.

Kuanzia mwaka wa tatu njaa ikaanza kurudi. Haikuja kwa fujo, ilikuja kama mgeni anayepiga hodi kwa adabu. Sahani niliyokuwa nashindwa kuimaliza nikawa naimaliza, afu nikawa namaliza na kujiuliza kuna nini kingine. Kilo mbili, kilo nne, kilo saba. Na kitu ambacho sikutegemea ni aibu, kwa sababu mtu aliyekuwa mnene toka utotoni anajua aibu ya kuwa mnene, hiyo nilishaizoea, lakini hii ilikuwa aibu ya kupewa nafasi na kuichezea. Shangazi yangu alishasema toka mwanzo kwamba nimepita njia ya mkato, kwa hiyo kila kilo iliyorudi nilisikia sauti yake. Watu waliokuwa wananisifu wakaacha kusifu, hawakusema neno baya hata moja, waliacha tu, na we unaona.

Basi nikakimbia. Na nilipokimbia kliniki na vidonge vikaenda nayo kimya kimya, maana chupa ya vitamini ilikuwa inanikumbusha kule. Kalsiamu iliisha sikununua nyingine. B12 nikawa nakumbuka mara moja kwa wiki, afu mara moja kwa mwezi, afu basi.

Na hapa ndo kuna mtego ambao natamani ningeelezwa kwa kutikiswa mabega kabisa. Ukiacha vidonge hausikii kitu. Mwezi wa kwanza uko sawa, mwaka wa kwanza uko sawa, unaanza kuamini labda mwili wako umezoea. Kumbe vitamini B12 mwili huwa unaitunza kwenye ini, akiba inayoweza kukaa miaka kadhaa, kwa hiyo unakula akiba na hujui kwamba hakuna kinachoingia. Tumbo ndo linatengeneza kile kitu kinachoibeba B12 mpaka inyonywe kule mwisho wa utumbo mwembamba, na mtu wa baipasi sehemu kubwa ya tumbo lake chakula hakipiti tena. Madini ya chuma nayo hunyonywa zaidi pale mwanzo wa utumbo mwembamba, pale pale tulipoparuka, na kama ni mwanamke ambaye bado anapata siku zake anatoa kila mwezi kile ambacho hakiingii vizuri. Haijalishi unakula nyama kiasi gani. Nilikuwa nakula vizuri tu.

Mwaka wa saba nilianza kutafuna barafu. Nasema kutafuna, sio kunywa maji ya baridi, yaani trei nzima ya friji kwa siku, usiku naamka naenda jikoni gizani nasaga barafu kwa meno, mume wangu anasikia anacheka. Nikadhani ni joto. Afu ngazi zikawa ndefu, moyo unakimbia nikipanda ghorofa moja tu, nikasema ni hizi kilo. Kila kitu nilikitupia kilo! Nywele zilitoka, nikasema ni msongo wa mawazo. Miguu ikaanza ganzi, vidole kwanza, afu unyayo wote, nikawa najihisi natembea juu ya pamba, na hilo nalo nikasema uzito umenikandamiza mishipa.

Nilienda hospitali siku niliyoanguka bafuni. Himoglobini, yaani kile kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 6.4. Dokta wa zamu aliniuliza mara mbili nimefikaje pale kwa miguu yangu mwenyewe. Akiba ya chuma ilikuwa karibu haipo kabisa na B12 ilikuwa chini mno, na ile barafu niliyokuwa naificha kumbe ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma, madokta wanaijua, ningemwambia mtu mmoja tu angenipima siku hiyo hiyo.

Wakanirudisha kliniki yangu ya zamani. Nilikaa kwenye benchi naangalia ule mlango wa chumba cha mzani kama mtu anayesubiri hukumu. Nesi alikuwa yule yule mama wa zamani, akaniona, akaja akakaa pembeni yangu, nikamsalimu shikamoo mama, akaitika akanishika mkono akasema, mwanangu ulipotelea wapi? Nikaanza kulia nikamwambia nimenenepa mama. Akasema, hilo halijakuuliza mtu, nakuuliza ulikuwa wapi.

Dokta alipokuja nikamtajia kilo zangu kabla hajauliza, 97, niliona bora niseme mwenyewe. Akageuza skrini yake akanionyesha mchoro. Ni wa utafiti wa Sweden unaoitwa SOS, ulioanza mwaka 1987, walifuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji na wengine 2,037 wanaofanana nao ambao hawakufanyiwa. Mistari yote ya waliofanyiwa inashuka kwa kasi mwaka wa kwanza na wa pili, afu inapanda kidogo, afu inatulia. Wa baipasi walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao pale chini kabisa, na miaka 10 baada ya upasuaji walikuwa kwenye asilimia 25. Wale wengine ambao hawakufanyiwa, mstari wao uko karibu pale pale ulipoanzia miaka yote. Akachukua kikokotoo, 138 mpaka 97, asilimia karibu 30. Akasema, uko juu ya wastani wa hawa.

Nilikaa kimya muda mrefu. Miaka mitatu nilikuwa najificha kwa sababu ya kitu ambacho kiko kwenye mchoro wa kitabu, ambacho mwili wa karibu kila mtu hufanya, na mwili huo huo kwa upande mwingine ulikuwa unaishiwa damu na mi siangalii huko kabisa. Nilikuwa naangalia mzani.

Nilikasirika pia, nikiri. Kwa nini sikuonyeshwa mchoro ule kabla ya kukatwa? Niliambiwa nitapungua, niliambiwa nitumie vidonge maisha yote, lakini hakuna aliyeniambia waziwazi, utafika chini, afu utapanda kidogo, na siku utakapopanda utatamani kutukimbia, usitukimbie. Sentensi moja tu hiyo. Mi kama ningekuwa na uwezo ningeiandika kwenye karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini kwa herufi kubwa.

Nimetundikiwa dripu ya chuma mara kadhaa na B12 nachomwa sindano hadi leo. Damu ilirudi haraka, barafu niliacha ndani ya wiki mbili bila hata kujaribu kuacha. Miguu imechukua muda mrefu zaidi, na kidole gumba cha kulia hakijarudi, wananiambia mishipa ya fahamu ikikaa sana bila B12 mingine haiponi. Hiki kidole ndo bei ya ile aibu.

Toka hapo nimesoma sana, nimeuliza sana, na kuna mambo ya miaka ya mbele naona watu wengi hatuyajui.

Kisukari kwanza. Watu wanasema baipasi inaponya kisukari, na mi nilisema hivyo kwa kila mtu kwa miaka minane. Kwenye ule utafiti wa Sweden asilimia 72 ya waliokuwa na kisukari walikuwa hawana tena baada ya miaka miwili, na baada ya miaka 10 wamebaki asilimia 36. Kuna na utafiti wa Utah, Marekani, wa watu wa baipasi, wao ni asilimia 75 miaka miwili na 51 miaka 12. Kwangu kilirudi mwaka wa tisa, kidonge kimoja kwa siku, hakuna insulini. Nilivyopokea ile habari ingekuwa zamani ningejifungia tena ndani. Ila dokta aliniambia ile miaka ya kati haikupotea bure, macho na figo na mishipa ilipumzika, na kweli wale watu wa Sweden waliofanyiwa walipata madhara ya mishipa midogo karibu nusu ya wenzao. Miaka minane bila sukari kuchoma macho yangu, hiyo siirudishi kwa mtu.

Na kuhusu kuishi, wengi tunauliza kimoyomoyo kama tumeongezewa siku. Hesabu ya wale wa Sweden ya mwaka 2020 ilionyesha waliofanyiwa waliishi kama miaka mitatu zaidi ya wale wenye unene ambao hawakufanyiwa, lakini bado pungufu ya miaka kama mitano na nusu ukilinganisha na watu wa kawaida. Nazipenda hizo namba mbili zikiwa pamoja. Mtu akikupa ile ya kwanza peke yake anakuuzia, akikupa ya pili peke yake anakutisha.

Sukari kushuka. Hii ilinitesa mwaka wa nne na nilidhani nina wazimu. Unakunywa juisi au unakula kitu kitamu, saa moja, mbili, hata tatu baadaye jasho linakutoka, mikono inatetemeka, akili inakuwa kama imefunikwa na blanketi, unaogopa bila sababu. Chakula kitamu kinashuka kwenye utumbo kwa kasi, sukari inaruka juu, insulini inamwagika nyingi kupita kiasi, sukari inaporomoka. Hiyo ni tofauti na dampingi ile ya mwanzo ambayo ukila vibaya inakupiga ndani ya nusu saa, tumbo linasokota moyo unadunda unatafuta pa kulala. Hii ya kuchelewa inaanza mwaka mmoja au zaidi baadaye, kwa hiyo mtu haiunganishi na opareshini. Mi nilikuwa nafikiri napatwa na shetani wa woga kila saa nne asubuhi, kumbe ni ile juisi ya saa mbili. Nikaandika kwenye daftari nilichokula na saa niliyotetemeka kwa wiki mbili na daftari lenyewe likanijibu. Protini kwanza, vitamu vya kunywa hapana, nikatulia.

Dawa za maumivu. Hizi naomba msome mara mbili watu wa baipasi. Ibuprofen, diclofenac na ndugu zake wote zinaweza kukutoboa kidonda pale kwenye maungio, na sigara vilevile. Mi niliandikiwa diclofenac ya goti na mtu ambaye hakuniuliza historia na mi sikuisema, kwa bahati dada wa famasi aliniuliza nina tatizo lolote la tumbo. Sasa hivi naanza na hiyo sentensi popote ninapoingia, nimefanyiwa baipasi, kabla hata ya jina. Na maumivu makali ya tumbo yanayokuja kama wimbi, hata kama ni mwaka wa 8, hata kama yamepoa yenyewe, usilale nayo, utumbo unaweza kupenya na kunaswa kwenye uwazi uliobaki ndani baada ya upasuaji, na picha ya tumbo ya hospitali wakati mwingine haionyeshi. Lazima wajue una baipasi ili wawaze hilo.

Pombe mi situmii, kwa hiyo sitasema sana, lakini kwenye kikundi chetu kuna dada mmoja alipotea njia, ambaye kabla ya opareshini alikuwa hanywi zaidi ya glasi moja ya sherehe. Baada ya baipasi pombe inaingia kwenye damu haraka na inapanda juu zaidi, na utafiti mmoja mkubwa wa Marekani ulikuta kama mtu mmoja kati ya watano wa baipasi ambao hawakuwa na tatizo hapo kabla alipata dalili za tatizo la pombe ndani ya miaka mitano. Mmoja kati ya watano! Yeye alijiona ni mdhaifu wa imani, hakuna aliyemwambia mwili wake umebadilishwa jinsi unavyoipokea.

Waliofanyiwa sliivu, ile ya kukata tumbo libaki kama mrija, wana shida yao ya kiungulia. Finland waliwafuatilia watu miaka 10, wa sliivu asilimia 31 walikuwa na michubuko kwenye koo la chakula, wa baipasi asilimia 7. Mwenzangu mmoja alilala amekaa kwenye mito minne miaka miwili akidhani ndo kawaida yake mpya. Alipochunguzwa ikabidi abadilishiwe kuwa baipasi.

Mifupa, ngozi inayoning'inia, mawe ya nyongo na ya figo, yote yapo, mi mifupa ndo naiangalia zaidi maana kalsiamu niliitelekeza miaka mitatu. Nimejifunza kuipanga mbali na vidonge vya chuma, angalau saa mbili, maana vikikutana vinazuiana, na chuma sinywi na chai.

Na ndoa. Hili huwa tunaongea kwa sauti ya chini. Huko huko Sweden walikuta waliofanyiwa wanaachana zaidi, na walio wapweke wanaoa na kuolewa zaidi. Sishangai. Mtu aliyekuwa anakaa kona sasa anakaa katikati, nyumba nzima lazima isogee. Yangu ilitikisika mwaka wa pili, tukakaa chini tukaongea usiku mwingi sana, ikasimama. Mume wangu aliniambia kitu kimoja kwamba alizoea kuogopa kwamba nitakufa usingizini, na nilipopona hakujua sasa awaze nini.

Mwezi uliopita dokta aliniuliza kama nataka kujaribu zile sindano mpya za uzito, semaglutide na wenzake, maana sasa wanawapa na watu waliofanyiwa ambao kilo zimerudi. Bado nafikiria. Kilichonifurahisha ni kwamba aliniuliza kama mtu anayeuliza kuhusu dawa ya presha, hakukuwa na kosa lolote ndani ya lile swali. Mzani siku hiyo ulisoma 99.

Kuna mama mmoja tulifanyiwa mwezi mmoja, wodi moja, kitanda kwa kitanda. Nilimpigia wiki iliyopita kumsalimia tu, miaka mingi hatujaongea, akaniambia hajakanyaga kliniki mwaka wa nne huu. Hakusema sababu na sikumuuliza. Nikamuuliza tu, miguu yako ikoje? Akanyamaza. Afu akasema, inakufa ganzi, we umejuaje.

Alhamisi tunaenda pamoja. Nimemwandikia vipimo vya kuomba, damu yote, akiba ya chuma, B12, vitamini D, kalsiamu, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Alichoniomba ye ni kitu kimoja, nisiingie naye chumba cha mzani. Nimemwambia nitabaki kwenye benchi nimemshikia mkoba.